Kipande cha Sufuria

Jumatatu, 1 Agosti 2005

Nimeanza daftari hili leo. Kwenye jalada nimeandika: Vyandarua Vilivyochanika, Juzuu la Pili. Hakuna atakayelifungua. Juzuu la Kwanza lipo kweli kabatini, na tangu nilijaze hakuna aliyeligusa.

Habari mbaya. Bi Koleta, mkuu wa ofisi yetu hapa Ngara, ametuita mimi na Philbert. Amesema wakimbizi wanarudi Burundi kila wiki, kambi inapungua, na ofisi itapungua nayo. Kuanzia Septemba atabaki karani mmoja wa kompyuta. Mmoja! Tuko wawili. Nimehesabu mara mbili.

Philbert alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. Hakuacha kutafuna.

Mimi nina kidato cha sita na cheti cha kompyuta kutoka Mwanza, kimetiwa plastiki. Philbert ana cheti kama hicho, kina doa la mchuzi. Lakini mama yangu kule Keza ameshatangaza parokia nzima kwamba mwanawe Jovitus ndiye anayeshika kompyuta za wakimbizi. Nikirudi nyumbani nitashika jembe, na parokia nzima itakuja kutazama.

Bi Koleta amesema atakayefanya vizuri kazi ya mwezi huu ndiye atakayebaki. Kazi yenyewe ni kuigawa programu. Nimeitikia kwa kichwa, kwa uthabiti. Sikuelewa hata neno.

Jumanne, 2 Agosti 2005

Nimeelewa kidogo.

Programu yetu inafanya kila kitu: inasajili kaya, inapanga mgawo wa chakula, inahesabu dawa za zahanati, inachapa orodha za malori ya wanaorudi kwao. Yote ni bonge moja. Ukitaka kidogo, unachukua yote. Pale Kabanga mpakani wanahitaji orodha za malori tu, na kompyuta yao ni kuukuu. Wakiiwasha saa mbili asubuhi, programu inafunguka saa nne, kwa sababu kwanza inapakia dawa zote za zahanati. Kabanga hawana hata kidonge. Ni sawa na kwenda gulioni Nyakahura kununua nyanya, ukaambiwa nyanya haziuzwi bila ng'ombe.

Kwa hiyo bonge likatwe vipande. Kila kituo kisakinishe kipande chake, basi.

Nikamwuliza Bi Koleta kama mwenye programu ameturuhusu. Akasema hii ni programu huria: matumbo yake yako wazi, yeyote anaweza kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa, mradi aandike jina lake alipogusa. Nikauliza, basi mwenyewe ni nani? Akasema ni wote.

Nimeogopa. Shuleni kwetu mali ya wote ilikuwa reki. Ilipopotea nilichapwa mimi.

Alhamisi, 4 Agosti 2005

Bi Koleta amegawa kazi. Philbert akate kwa ajili ya ghala na zahanati. Mimi nikate kwa ajili ya Kabanga: kipande cha malori. Msafara mkubwa ni Alhamisi tarehe kumi na nane, na orodha zake zitatoka kwenye kipande changu. Nina wiki mbili.

Nimejaribu kukisakinisha peke yake kwenye kompyuta tupu. Kompyuta imekataa. Imesema kipande cha malori kinahitaji kipande cha kaya. Nimekiweka. Kipande cha kaya kinahitaji kipande cha picha. Sawa. Cha picha kinahitaji cha kadi, cha kadi kinahitaji cha mgawo, cha mgawo kinahitaji cha ghala. Nilianza na kimoja saa tatu. Saa nane nilikuwa na vyote kumi na saba. Dawa za zahanati zimerudi!

Malongo, dereva wetu, Msukuma asiyejua kunyamaza, alikuwa amesimama dirishani. Akaniuliza, karani, umeikata hiyo kompyuta tangu asubuhi, mbona haivuji damu? Akacheka peke yake mpaka kwenye gari.

Jumamosi, 6 Agosti 2005

Ugunduzi!

Philbert alikwenda kutafuta mahindi ya kuchoma. Nikapitia vipande vyote, kimoja kimoja, kuona kila kimoja kilitengenezwa na nani. Vingi vina majina ya watu wa mbali. Kimoja, kidogo kuliko vyote, kina jina la Philbert chini yake. Kinaitwa SUFURIA.

Nakikumbuka. Kila kaya ilipofika kambini ilipewa sufuria moja kubwa, yenye namba iliyogongwa kwenye kitako. Mwaka jana Philbert alitumia mwezi mzima akizunguka bloku kwa bloku, akiinamisha masufuria ya watu na kunakili namba. Mgongo ulimuuma. Masizi mpaka masikioni. Nilicheka sana wakati ule. Sufuria ziligawiwa zamani, ameziandika za nini tena? Nilijua anatafuta wanakopika.

Na sasa naona kipande cha malori kinahitaji SUFURIA! Lori linahitaji dizeli. Linahitaji dereva, ikibidi hata Malongo. Sufuria ya nini?

Nimefikiri mpaka nikapata jibu. Ni mtego. Philbert amechomeka jina lake kwenye kipande changu mapema. Kabanga wakisakinisha, jina la Philbert litakuwa humo, na Bi Koleta atadhani kazi ni yake.

Kipande hicho kitaondoka.

Jumatatu, 8 Agosti 2005

Nane Nane. Sikukuu. Nilikwenda kambini hata hivyo, ili nionekane nakwenda.

Langoni nilimkuta Generoza, mama wa Kirundi anayeuza maandazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kunichagulia andazi lisilo la jana. Ataondoka na msafara wa tarehe kumi na nane, na watoto wake watano. Akaniuliza kama wamo kwenye kompyuta. Nikasema nitaangalia. Akasema hapana, usiangalie baadaye, angalia ukiwa na majina. Akanihesabia kwa vidole: Niyonkuru, Bukuru, Butoyi, Ciza, na kitindamimba Ntakirutimana.

Kisha akasema jambo ambalo limenikaa kifuani. Walipovuka mpaka kuja huku, alimpoteza Niyonkuru katika umati, wiki tatu. Alimkuta amelala chini ya meza ya kituo fulani, hakumtambua mama yake. Akasema alikuja na miguu akampoteza mtoto, hawezi kurudi na lori akampoteza tena. Watano wote, lori moja, akiwaona. La sivyo hapandi.

Nikamwambia mama, ondoa wasiwasi, mpangaji ni mimi. Akaniangalia muda mrefu kidogo. Halafu akaniongezea andazi la pili, la jana.

Jumatano, 10 Agosti 2005

Nimefanya.

Nimeondoa dawa, picha, ghala, kadi. Kila nilipoondoa, nilisoma maelekezo na kurekebisha palipokatika. Nilikuwa mwangalifu mno. Mwisho, ukiacha cha malori chenyewe, vimebaki viwili: cha kaya na SUFURIA. Nikaiambia kompyuta ondoa SUFURIA. Ikakataa. Ikasema kwa Kiingereza kwamba kaya zitakosa cha kuziunganisha, na kwamba itarudia njia ya awali. Ikauliza kama nina hakika. Nikasikia sauti ya Philbert kabisa.

Kuna amri ya kulazimisha. Nikalazimisha.

Ikakubali. Nikaizima, nikaiwasha. Programu imefunguka kwa dakika mbili. Dakika mbili! Kabanga watanipigia magoti.

"Njia ya awali" sijui ni ipi. Lakini kama ni ya awali, maana yake ilikuwepo kabla ya Philbert. Inatosha.

Ijumaa, 12 Agosti 2005

Leo tumeonyesha kazi zetu. Mimi kwanza. Kwa majaribio nilitumia familia ya mfano iliyokuja na programu yenyewe: baba, mama na watoto wawili, wote wanne wana jina moja la mwisho, kama timu ya mpira. Watu wa ajabu. Nyumbani kwetu tuko saba na majina saba. Kompyuta imewapanga wote wanne lori moja, bila kosa. Bi Koleta amesema vizuri, Jovitus. Amesema hivyo mbele ya Philbert!

Philbert akauliza, taratibu, huku akimenya karanga, na kile kipande cha sufuria nimekiweka wapi. Nikasema nimetengeneza toleo jepesi. Akauliza kama nimelijaribu kwa majina ya kambini. Nikasema majina ni majina. Akasema nikihitaji kitu yupo ghalani wiki nzima ijayo. Akanipa karanga.

Wivu! Sikuzila. Baadaye nilizila.

Jumatano, 17 Agosti 2005

Orodha zimechapwa. Malori sita kesho, na mengine Alhamisi ijayo. Nimekagua idadi mara tano. Kila lori lisizidi arobaini, na hakuna lililozidi. Programu imepanga kwa unadhifu ajabu. Lori la nne lina watu thelathini na wanane. Lori la tano thelathini na wanane vilevile. Usawa kama huo hautokei kwa bahati. Ni dalili ya programu nzuri.

Nimetafuta pia watoto wa Generoza, nilivyoahidi. Wamo wote watano. Nikaweka alama ya vema mbele ya kila jina, kwa wino mwekundu.

Jambo moja limenitatiza. Kwa lori la nne, mkuu wa kaya ana umri wa miezi minne. Nimedhani ni kosa la tarehe. Nimesahihisha kwa kalamu: miaka minne.

Alhamisi, 18 Agosti 2005

Sijui nianzie wapi. Nianzie saa kumi na mbili asubuhi.

Uwanja umejaa. Magodoro, kuku, vitanda, mbuzi. Malori sita, Malongo kwenye la nne. Yeye ndiye aliyeanza kusoma majina, kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe. Bukuru! Mtoto akaja. Bukuru! Akaja mwingine. Bukuru! Bukuru! Wakajipanga Bukuru thelathini na wanane, kuanzia mzee mwenye mkongojo mpaka mmoja mgongoni mwa mama yake. Malongo akaniuliza kama nimemwandalia kwaya. Na kila Bukuru ameshikwa mkono na mtu anayelia. Nikaangalia lori la tano. Butoyi. Butoyi. Butoyi. Thelathini na wanane!

Hapo ndipo akili ilipofunguka, imechelewa kama programu ya Kabanga. Bukuru na Butoyi! Kila mtoto wa Ngara anajua. Ndiyo majina ya mapacha wa Kirundi, wa kwanza na wa pili. Nimetenganisha mapacha wote wa kambi. Hakuna pacha hata mmoja niliyemsahau.

Na lori la kwanza lina Niyonkuru watupu, wasiojuana. Kompyuta imechukua wote wenye jina moja ikawafanya kaya moja. Hiyo ndiyo njia ya awali! Kwa watu hawa, ambao kila mtoto ana jina lake mwenyewe!

Generoza alikuja na karatasi zangu mkononi. Hakupiga kelele. Akanionyesha: Niyonkuru lori la kwanza. Ciza la pili. Yeye mwenyewe la tatu. Bukuru la nne. Butoyi la tano. Ntakirutimana, miaka mitatu, Alhamisi ijayo, peke yake. Akasema, mwana wanje, mwanangu, uliniambia utawaangalia. Nikasema niliwaona, mama. Ni kweli niliwaona. Akagusa zile alama zangu nyekundu, moja moja. Kisha akatandika godoro mbele ya gurudumu la lori la Malongo, akaketi, akawakalisha wote watano juu yake. Akasema lori likitaka kwenda Burundi lipite hapa.

Malongo akazima injini. Madereva wengine nao wakazima. Akina mama wengine wakaanza kutandika. Nikafikiria kwenda Keza kwa miguu, moja kwa moja, bila kuaga.

Saa mbili akafika Bi Koleta. Akasoma orodha. Akasoma tena. Akaniuliza kama nadhani mtoto wa miezi minne atatia sahihi wapi. Nikasema nilimsahihisha, ana minne ya miaka. Akatuma mtu ghalani kumwita Philbert, lakini ghala liko mbali, na kule mpakani hufungwa saa kumi. Msafara ukikosa leo, wanaosubiri upande wa pili wataondoka, na hakuna ajuaye utapangwa tena lini. Generoza alikuwa anayasikia yote hayo. Nilimwona anamshika kitindamimba shingoni, kama mtu anayeshika mzigo kwenye umati.

Halafu akasimama. Akafungua furushi lake, akatoa sufuria na mwiko, akaanza kuipiga. Masikio yaliziba. Akapaza sauti kwa Kirundi, nami nilielewa, kwa kuwa Kihangaza chetu ni jirani yake: kila mtu aende kwenye sufuria aliyokula jana!

Basi. Watu mia mbili na zaidi, kuku na mbuzi, wakasogea. Masufuria yakatolewa kwenye mafurushi na kuwekwa chini, na kila sufuria ikazungukwa na watu wake. Bukuru na Butoyi wakakutana. Hata kuku walijua. Muda wa kuchemsha uji tu, uwanja mzima ulikuwa duara na duara.

Generoza akaniita. Akasema, karani, andika. Akaigeuza sufuria yake, masizi juu. Namba 2217: Generoza, Niyonkuru, Bukuru, Butoyi, Ciza, Ntakirutimana. Lori la tatu. Nikaenda duara linalofuata. Niliandika masufuria yote ya uwanja ule kwa mwandiko wangu bora, mistari imenyooka, bila kufuta hata mara moja. Malori yaliondoka saa sita na robo.

Generoza alinipungia mwiko kutoka juu. Akapaza sauti niwape wanangu wote jina moja, nisije nikawapoteza kwenye kompyuta. Lori zima lilicheka. Malongo alicheka kwa honi.

Ni njia nzuri mno, hii ya sufuria. Rahisi, haina makosa. Nimeshangaa hakuna aliyewahi kufikiria kuiweka kwenye kompyuta. Kesho nitaipendekeza.

Ijumaa, 19 Agosti 2005

Nimeipendekeza. Mbele ya Bi Koleta na Philbert. Nilisema nimebuni kipande kipya, kitakachotambua kaya kwa namba ya sufuria, na kwamba kinaweza kubeba jina langu.

Philbert aliacha kutafuna. Sijawahi kumwona ameacha kutafuna. Bi Koleta akamwuliza kama kipande hicho kinaweza kupatikana. Philbert akasema kipo, kina mwaka mzima. Akasema bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akakisakinisha kwa diski moja. Kabanga walithibitisha kwa simu: dakika mbili na nusu.

Kwa hiyo toleo langu lilikuwa jepesi zaidi, kwa nusu dakika. Nimeona niinyamazie hoja hiyo.

Jumatatu, 22 Agosti 2005

Uamuzi. Philbert anabaki Ngara. Nilijua.

Kunihusu mimi, Bi Koleta amesema mwandiko wangu wa siku ile uwanjani ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa kompyuta. Kwa hiyo leo hii nakwenda Biharamulo, kwenye ofisi yetu ndogo ya Nyakahura, miezi miwili, kunakili mafaili ya kambi zilizofungwa. Ni cheo, ukiangalia vizuri. Pale hakuna karani mwingine. Nimemwandikia mama kwamba nimepewa wilaya nzima.

Nimepewa pia diski nne, niisakinishe programu huko. Bi Koleta amenitazama machoni, akasema vipande vyote vinahitajika, usiondoe hata kimoja. Philbert ameniaga vizuri. Amenifungia karanga za safari na kunikumbusha kwamba kompyuta ya Nyakahura huzimika yenyewe umeme ukiyumba. Malongo amenishusha mlangoni, akanishauri nisimguse ng'ombe wa mtu, nisije nikamgawa.

Jioni hii nimekaa peke yangu na kompyuta yangu. Nimefungua diski ya nne. Vipande ni vingi. Kuna kimoja kidogo, mwisho kabisa, kinaitwa NAKALA. Kazi yake ni kunakili, kila siku, kila kitu ambacho tayari tunacho. Mara ya pili! Kinajaza diski bure. Nikaangalia chini yake kuna jina la nani.

Philbert.

Kompyuta imeniuliza kama nina hakika. Safari hii nimesoma onyo lote, neno kwa neno, kwa uangalifu. Halitaji sufuria popote.

Nimelazimisha.